Mlango kwa Mlango, Kutoka Huku Hadi Kule

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa uwanja wa ndege wa huku, na ninyi mliokuja asubuhi hii kutoka uwanja wa kule, familia inawashukuru kwa kuitika, na kabla hatujamsindikiza dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Dakika, tunaomba utulivu ili mdogo wake wa kiume anayemfuata, yule aliyemwachisha ziwa na kulaumiwa kwa hilo maisha yake yote, awasomee historia yake kwa ufupi, ingawa marehemu mwenyewe angetaka kujua kwanza ufupi huo ni wa dakika ngapi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mtaa wa maseremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba msimamizi wa vibarua wa barabara na mama mshonaji. Katika nyumba hiyo palikuwa na saa moja tu, ya ukutani, ambayo ilitangulia kwa dakika kumi na moja, na baba yetu alikataa katakata kuirekebisha kwa sababu alisema saa inayotangulia humfanya mtu awahi kazini, kwa hiyo marehemu alijua kutoa kumi na moja kabla hajajua kuandika jina lake, na kila aliyeingia ndani akauliza saa ngapi alijibiwa na mtoto wa miaka mitano aliyesimama chini ya saa ile, akimwomba asiiamini.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, akaendelea na shule ya sekondari ya wasichana kuanzia 1966 hadi 1969, ambako alifanya vizuri katika hesabu na vibaya sana katika kuimba, kisha mwaka 1970 alisoma upigaji chapa na utunzaji wa kumbukumbu kwa miezi tisa. Walimu wake waliandika katika cheti chake kwamba ni msichana mwenye adabu ila ana tabia ya kusahihisha, na sisi tuliokula naye sahani moja tunaithibitisha kauli hiyo.

Jumanne ya tarehe 3 Agosti 1971 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika uwanja wa ndege wa huku, ambao wakati huo ulikuwa na chumba kimoja chenye meza ndefu ya mbao, mizani ya kupimia mizigo na abiria wenyewe, kwa kuwa ndege ilikuwa ya watu kumi na wanane na rubani alitaka kujua uzito wa kila mmoja, benchi mbili, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki umbali na muda wa safari: kilomita 318, dakika 47. Kwa barabara ilikuwa kilomita 496 na saa tisa, kwa sababu barabara inazunguka milima na ndege haizunguki kitu. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuupangusa ubao ule na kuandika upya maneno yale yale, na alikuwa akijivunia dakika zile arobaini na saba kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiirusha ndege.

Tunafika sasa mahali ambapo marehemu alituagiza pasirukwe, na aliagiza mara tatu. Jumapili ya tarehe 9 Juni 1974 alifika mezani kwake mwashi mmoja kijana, mikono bado ina saruji, akasema mama yake ni mgonjwa sana kule na anamwita, akauliza ndege inachukua muda gani, na dada yetu akajibu kwa moyo mweupe, dakika arobaini na saba tu, kaka. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Mwashi akaomba simu, akampigia ndugu yake wa kule, akasema mwambieni mama saa tisa kamili nitakuwa nimeushika mkono wake, nao wakamwambia, na mama yule akaomba ageuzwe ili aione saa iliyokuwa ukutani.

Ndege ilitua kwa dakika zake arobaini na saba, haikukosea hata moja. Lakini ngazi ilichelewa kuletwa, mizigo ikasubiriwa, gari la kwenda mjini halikuondoka mpaka lijae, darajani palikuwa na foleni, na saa tisa ilipopita, na tisa na nusu ikapita, mama yule alisema basi, hakuja, akageukia upande mwingine, akafariki saa kumi na dakika tano. Mwanawe aliingia saa kumi na robo. Wiki moja baadaye, akirudi, alipita mezani pale, hakugomba, hakupaza sauti, alisema tu, "Dada, wewe ulinifikisha uwanjani, mimi nilikuwa nakwenda kwa mama."

Marehemu alirudi nyumbani siku ile akaketi kwenye kiti cha cherehani cha mama bila kuvua viatu. Mama alimwambia kwamba yeye hakuua mtu, kwamba ndege ilifika kwa muda aliousema, na dada yetu akajibu kwamba hilo ndilo baya lenyewe, kwamba alisema kweli na ile kweli ikamdanganya mtu. Kuanzia hapo alijiwekea jambo moja, na ndilo aliloliishi miaka hamsini iliyofuata, kwamba hakuna mtu atakayetoka mbele ya meza yake bila kujua saa atakayofika kwa yule anayemwendea.

Alinunua daftari, akaanza kumuuliza kila abiria aliyeshuka kutoka kule alifunga mlango wa nyumba yake saa ngapi, na wengine walimjibu, wengine walimwona mbea, na mwalimu mmoja alimwambia mambo ya mlango wake hayamhusu. Hiyo ilikuwa nusu ya hesabu. Nusu ya pili ilikuwa upande wa kule, na upande wa kule alimjua mtu mmoja tu, tena kwa sauti peke yake, naye ni mwendesha redio aliyekuwa akimpa taarifa kila ndege inapotua. Siku moja baada ya taarifa alimuuliza, abiria wa mwisho ametoka getini saa ngapi, na kutoka getini hadi hospitali ni muda gani, na hadi sokoni, na hadi mitaa ya ng'ambo ya daraja. Kijana yule akasema, "Sijui, ngoja nikapime." Akaenda kupima kweli, kwa baiskeli ya kuazima na saa ya mkononi, siku ya mvua na siku ya jua, siku ya gulio na siku ya kawaida, na kila jioni kabla hajafunga redio alisoma namba zake. Baadaye sana, wifi zake walipomuuliza marehemu alimpendea nini mtu ambaye hakuwa na sura ya kuvunja kioo wala ya kukinunua, alijibu kwamba alikuwa mwanamume wa kwanza katika maisha yake kusema sijui.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1975, na hapa familia inaomba radhi kwa shemeji yetu, ambaye ametangulia na hawezi kujitetea. Bwana harusi, mtu aliyepima njia zote za kule kwa miezi kumi na saba, alituma ujumbe kwamba ndege yake inaondoka saa nne asubuhi, ni dakika arobaini na saba, kwa hiyo wageni waitwe saa tano na nusu. Kwa nini mtu kama yeye alisahau hesabu yake mwenyewe, ni furaha tu ndiyo inayojua. Dada yetu aliusoma ujumbe ule, akaukunja, akawaambia wageni na mfungishaji ndoa saa sita, na bwana harusi aliingia saa sita kasoro dakika tano, anahema, akijiandaa kuomba msamaha, akakuta watu ndio kwanza wanaketi na mke wake mtarajiwa hana hata chembe ya jasho. Ahadi ni deni, alizoea kusema marehemu, kwa hiyo usimwachie mtu mwenye haraka aitoe kwa niaba yako.

Kufikia wakati huo daftari lilikuwa limejaa na jibu lilikuwa limepatikana: tangu unapofunga mlango wako huku hadi unapofunguliwa mlango kule, ni saa tatu na dakika kumi, ukijaliwa. Januari 1976 aliongeza mstari wa pili kwenye ubao, chini ya ule wa kilomita na dakika, ukisema MLANGO KWA MLANGO, SAA 3 DK 10. Meneja wa uwanja aliuona, akaufuta kwa mkono wa shati, akasema unawatisha wateja na watapanda basi. Kesho yake mstari ulikuwepo. Ukafutwa, ukaandikwa, ukafutwa, mpaka tarehe 11 Februari 1976 alipopewa barua ya onyo inayosema kwamba akiandika tena atatafuta kazi pengine, na wakati huo alikuwa ameolewa miezi mitatu na mumewe bado anasubiri kuhamishiwa huku.

Aliacha kuandika. Hakuacha kusema, maana barua ilikataza chaki, haikukataza mdomo, na kila aliyesogea mezani akauliza muda wa safari aliulizwa yeye kwanza, "Unakwenda uwanjani, au unakwenda kwa mtu?" Wengi walicheka, kwa sababu nani anakwenda uwanjani, lakini wakishacheka walikaa wakasikiliza, na hakuna aliyekimbilia basi, kwa kuwa hata mwenye hasira anajua saa tatu na saa tisa si ndugu.

Oktoba 1978 mke wa meneja, aliyekuwa amekwenda kujifungulia kwao kule, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na meneja aliteremka kutoka ofisini, akasimama kwenye foleni kama abiria wengine, na zamu yake ilipofika akainamia meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, ile hesabu yako nyingine inasemaje?" Marehemu angeweza kumkomesha. Sisi wadogo zake tungemkomesha. Yeye alimuuliza swali lile lile analomuuliza kila mtu, meneja akajibu, kwa mtu, naye akampa saa kamili ya kumwambia mkewe, na meneja alifika mlangoni kwa mkewe dakika sita kabla ya saa hiyo. Wiki mbili baadaye fundi wa mabango alikuja na rangi nyeupe, akauandika mstari wa pili kwa herufi ambazo mkono wa shati hauzifuti, na barua ya onyo ikachukuliwa kutoka kwenye jalada bila mtu kusema lolote. Familia inamshukuru meneja yule, popote alipo, kwa sababu si kila mkubwa huweza kurudi nyuma.

Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba wao, binti, aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1977, ambaye leo ni mwalimu na anaishi kule, na kitinda mimba, mvulana, aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1982, fundi wa majokofu, ambaye amekaa na mama huku hadi mwisho. Walilelewa vizuri, walifundishwa heshima, na walikatazwa neno moja tu ndani ya nyumba, nalo ni "sasa hivi." Aliyesema anakuja sasa hivi aliulizwa yuko wapi, amevaa viatu, na mlango ameshaufunga au bado.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2006, baada ya miaka thelathini na minne na miezi minane, na lipo jambo ambalo familia nzima haikuliamini mpaka siku hiyo, kwamba Bi Dakika alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kila akiwatembelea wakwe alikwenda na basi, akisema nafasi ya ndege ni ya mwenye haraka ya kweli. Kesho yake wenzake walimkatia tiketi mbili, akakaa dirishani na mume wake, saa mkononi, na ndege ikatumia dakika hamsini na moja. Alimfuata rubani mpaka chini ya ngazi. Rubani, kijana mwenye subira, alimweleza kwamba siku hiyo kulikuwa na upepo wa kukabili, na shemeji yetu, aliyekuwa amesimama pembeni akishika mkoba, alisema kwamba yeye ameishi na upepo huo miaka thelathini na haujawahi kumchelewesha. Shemeji alifariki tarehe 20 Julai 2011, na marehemu alimlilia kwa muda ambao hakuupima.

Mwaka 2021 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumpungukia, madaktari wakaona ni moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akaugua tena, na tarehe 8 Januari 2025 alilazwa katika hospitali ya huku, wodi ya pili, kitanda kilicho mkabala na saa. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Januari, saa moja, daktari alimwita mwanawe kando, akamwambia waiteni walio mbali, sidhani kama tutafika adhuhuri. Mwana akampigia dada yake simu, na dada yake, kwa kulia, akasahau malezi yote, akasema ndege ni dakika arobaini na saba, nakuja sasa hivi. Marehemu alisikia. Aliivuta simu kwa mkono dhaifu, akauliza, "Umeshafunga mlango?" Binti akasema anafunga saa mbili kasorobo. Mama akaangalia saa ya ukutani, akamwambia muuguzi, saa tano kasoro dakika tano, na akafumba macho kupumzika.

Saa tatu ilifika na ndege ya kule haikuruka, kulikuwa na ukungu. Binti alipiga simu kutoka kwenye benchi, na kijana wetu akatoka nje ukumbini, akatuuliza sisi wazee tumwambie mama au tumwache, na tunakiri mbele yenu kwamba tulikuwa tumekubaliana kumwacha, kwa huruma, tukasema mgonjwa hapewi habari mbaya. Wakati tukiwa tunanong'ona hivyo, simu ililia tena, safari hii ni karani wa tiketi wa uwanja wa kule, binti ambaye marehemu alimfundisha kazi katika mwaka wake wa mwisho, naye hakusalimia sana. Alisema ukungu umepanda, ndege inaruka saa tatu na dakika ishirini na tano, abiria wenu nimemweka kiti cha mlangoni na hana mzigo, mlango kwa mlango, atafika kwenu saa tano na dakika ishirini, na mwambieni mama, tafadhali, msimwache ahesabu ile ya zamani. Hapo ndipo sisi wazee tulipomkumbuka mama wa mwashi akiitazama saa ya ukutani, na tukaona aibu.

Kijana akaingia, akamwambia mama yake, si saa tano kasoro, ni saa tano na ishirini. Marehemu alifungua macho, akatazama saa kwa muda mrefu, akisogeza midomo, anahesabu, kisha akasema, "Haya, nitamsubiri hiyo tano na ishirini." Muuguzi aliyekuwa zamu atakuwa shahidi kwamba kuanzia saa nne na nusu mapigo yalikuwa yakipotea na kurudi, na kwamba saa tano kasoro dakika tano, ile saa ya kwanza, ilipita juu ya ukuta na yeye akaiangalia ikipita bila kugeukia upande mwingine, kwa sababu alikuwa ameambiwa kweli.

Binti aliingia wodini saa tano na dakika kumi na nane, viatu mkononi. Marehemu aliutafuta mkono wake, akaushika, akasema, "Umewahi dakika mbili." Walikaa pamoja saa mbili kasoro dakika nane, wakazungumza mambo yao, mengine ya kucheka, na saa saba na dakika kumi mchana Bi Dakika alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi kumi na siku mbili, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ndugu watatu, na ubao mmoja wenye rangi nyeupe ambao uwanja umeahidi hautashushwa.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi aliyekataa kuiondoa saa ukutani alipoambiwa inamsumbua mgonjwa, kwa majirani waliopika, walioteka maji na waliolala na watoto, kwa marubani na wafanyakazi wote wa viwanja viwili, huku na kule, kwa karani wa kule, ambaye yupo hapa na ameanza kulia, binti yetu, wewe ulitupa saa mbili ambazo sisi wenyewe tulitaka kuzitupa. Na tunamshukuru mwashi. Wengi hamumjui, ndiye yule mzee aliyeketi kule nyuma na fimbo, aliyerudi kwa dada yetu mwaka 1980 akamjengea kizingiti cha nyumba yake bila kuitwa, akiwa na maneno machache tu, kwamba nimesikia siku hizi unawafikisha watu kwa mama zao, na ambaye jana, pamoja na wanawe, ndiye aliyeijenga nyumba yake ya mwisho na kuupima mlango wake kwa kamba.

Dada, tulikufungia mlango wa huku saa nne kamili leo asubuhi, tumetembea taratibu kwa sababu hukupenda haraka, na aliyekutangulia, yule aliyesema ngoja nikapime, bila shaka anaijua njia yote, kwa hiyo hatutakuuliza itachukua muda gani. Huendi uwanjani, unakwenda kwa mtu. Pumzika kwa amani.